Mstari upi uanze: shajara ya mradi wa kuandika hanzi

Januari: mradi wenyewe

Lengo ni dogo na halina mtihani: niweze kuandika kwa mkono, bila kuchungulia, zile hanzi (herufi za Kichina) zinazojirudia kwenye maboksi ya mizigo inayoingia Dar es Salaam kutoka Guangzhou na Yiwu, na niziandike kwa mpangilio unaotakiwa wa mistari, yaani mivuto ya kalamu inayoijenga kila herufi. Kazi yangu ni ya stoo. Maandishi yaliyochapwa hayanisumbui, kamera ya simu inayasoma na kuyatafsiri kabla sijamaliza kupangusa vumbi. Kizungumkuti ni yale yaliyoandikwa kwa maka peni na mtu aliyekuwa na haraka. Hapo simu inatoa majibu ya ajabu, na mwenye mzigo kasimama pembeni anasubiri.

Mfanyabiashara mmoja aliyewahi kukaa Guangzhou aliniambia kwamba mwandiko wa mkono wa Kichina husomeki kama hujui mistari inafuatana vipi. Anayeandika haraka haachi mistari, alisema, anaiunganisha. Sasa usipojua upi unafuata upi, utaona fundo la uzi tu. Nimelichukua neno lake nilipime.

Orodha ya kuanzia: 小心 (tahadhari), 轻放 (weka taratibu), 易碎 (huvunjika upesi), 怕雨 (isinyeshewe), 向上 (juu ni huku), 货物 (bidhaa), 重量 (uzito), 共 (jumla), 件 (vipande au vifurushi). Baada ya hapo nitapanda hadi herufi 300. Sikuitoa namba hiyo hewani. Kiwango cha kupima Kichina cha wageni kilichotolewa China mwaka 2021 kinataka msomaji wa ngazi za juu azitambue herufi 3,000, lakini za kuandika kwa mkono ni 1,200 tu, na kundi la mwanzo ni 300. Ni unafuu mkubwa. Kumbe hata wenyewe hawadai mgeni aandike kila anachokisoma.

Vifaa: kalamu ya jeli, na karatasi za miraba nilizochapisha, kila mraba umegawanywa kwa msalaba na mistari miwili ya pembe hadi pembe. Wachina wanauita mizige, kwa sababu mgawanyo huo unafanana na herufi 米, mchele. Vitabu vya mazoezi nimeazima kwa rafiki aliyesoma Taasisi ya Confucius ya Chuo Kikuu cha Nairobi, ile iliyofunguliwa 2005 ikiwa ya kwanza barani Afrika. Brashi na wino nimeviacha. Ni sanaa nzuri, lakini hakuna anayeandika kwenye boksi kwa brashi.

Januari, mwishoni: kwa sheria ya nani?

Kabla ya mstari wa kwanza imebidi niamue nafuata mpangilio wa nchi gani. Wengi wanalipita jambo hili, halafu wanashangaa video mbili zinapogombana.

China bara wana kiwango cha serikali. Kile cha 1997 kilipanga mistari ya herufi 7,000. Mwaka 2013 ikatoka orodha mpya ya herufi rasmi 8,105, na mwongozo wa mpangilio unaoendana na orodha hiyo ukatolewa 2020, ukaanza kutumika Machi 2021. Taiwan wana kitabu cha Wizara yao ya Elimu cha 1996. Wajapani walitoa wao mwaka 1958, kwa ajili ya kanji (hanzi za Kijapani) 881 zilizokuwa zikifundishwa shule za msingi.

Hawa hawapishani sana, ila wakipishana wanapishana kwenye herufi za kila siku. Chukua 王. China ni mlalo, mlalo, wima, kisha mlalo wa chini. Japani ni mlalo, wima, halafu milalo miwili. Kwenye 田, ndani ya uzio, Mchina anaanza na mlalo na Mjapani anaanza na wima. Halafu kuna 左 na 右, kushoto na kulia: Mchina anaanza zote mbili kwa mlalo, Mjapani anaanza 左 kwa mlalo lakini 右 anaianza kwa ule mstari unaoteremkia kushoto.

Nimechagua China bara, kwa sababu moja tu: maboksi yanatoka huko. Ungekuwa mradi wa kusoma katuni za Kijapani ningechagua vingine na nisingepoteza usingizi. Usahihi huu umepangwa na ofisi, na ofisi ziko tatu. Yale mabishano ya mtandaoni kuhusu nani mwenye mpangilio wa kweli ni kuchoma bando bure. Cha maana ni kwamba ukichagua mmoja ubaki nao, kwa sababu mkono unajifunza kwa kurudia, na mkono unaofundishwa njia mbili hauzoei hata moja.

Februari: miendo

Mistari ya msingi ina majina, na nimeyakariri kwa Kichina kwa sababu vitabu vyote vinayatumia. Heng ni mlalo, kushoto kwenda kulia. Shu ni wima, juu kwenda chini. Pie inateremkia kushoto ikichongoka, na inateremkia kulia ikinenepa mwishoni (jina lake ndiyo hilo, na, litakuchanganya kila sentensi ya Kiswahili, kwa hiyo nitaiandika nà). Dian ni nukta. Ti ni kijistari kinachopanda kuelekea kulia. Zinabaki gou, ndoano ya mwishoni, na zhe, kona. Kona haihesabiwi mara mbili: 口 inaonekana ina pande nne lakini ni mistari mitatu, maana upande wa juu na wa kulia unaandikwa kwa mwendo mmoja.

Wachina huifundisha miendo hii kwa herufi 永, inayomaanisha daima. Ndiyo herufi ya kwanza katika dibaji aliyoiandika Wang Xizhi mwaka 353 huko Lanting, karibu na Shaoxing, na kwa waandishi wa Kichina jina la bwana huyo ndilo linalotajwa kwanza linapokuja suala la mwandiko. Kwa hesabu ya sasa 永 ina mistari mitano tu, lakini ndani yake mnapatikana miendo minane ya brashi. Nimeijaza karatasi nzima. Mwendo mgumu kwangu ni ile nà ya mwisho: inabidi uteremke, ukandamize, halafu utoke kulia bila kukokota. Kalamu ya jeli hainenepeshi mstari, kwa hiyo unaiga mwendo bila kuona faida yake.

Kanuni zenyewe ziko kila kitabu, nazipita haraka. Juu kabla ya chini (三). Kushoto kabla ya kulia. Mlalo kabla ya wima unaoukata (十). Pie kabla ya nà (人). Katikati kabla ya mbavu mbili (小). Uzio kabla ya vilivyomo (月), lakini vilivyomo kabla ya kuufunga uzio (国). Ukizishika hizi, herufi nyingi utazipata bila kuuliza.

Kinachonishughulisha ni pale zinapogongana. 火, moto, ina kitu kama 人 katikati na vijistari viwili ubavuni. Kwa kanuni ya 小 ungeanza katikati. Hapana: nukta ya kushoto, kijistari cha kulia, ndipo pie ndefu, ndipo nà. Halafu tazama 怕, kuogopa, ambayo kushoto ina moyo uliosimama, 忄. Wima uko katikati na nukta ziko pande mbili, umbo karibu lilelile la 小, na bado unaandikwa kinyume: nukta mbili kwanza, wima mwisho. Hapo kanuni haikuokoi. Ni kukariri, na nakiri inanikera.

Nukta za mwisho, kwa upande mwingine, zimenikuta tayari. 我, mimi, ina mistari saba: pie, heng, wima wenye ndoano, ti, ndoano ndefu inayoinama, pie fupi, na nukta peke yake juu kulia, baada ya yote. Aliyekwenda chuoni akaandika ubao kwa khati za Kiarabu hatauliza maswali hapa. Si ndivyo tulivyofundishwa, kiwiliwili cha neno kwanza, halafu unarudi kuziweka nukta za be na te? Tofauti ni kwamba kwenye hanzi nukta inasubiri mwisho wa kipande chake tu. Ndani ya 国 kuna 玉 yenye nukta. Unaiandika 玉 yote na nukta yake, ndipo unaufunga uzio kwa mlalo wa chini.

Ramadhani: 件 na 物

Muda umepungua mchana, ila baada ya tarawehe nyumba inatulia na meza inakuwa yangu. Na hapa ndipo mradi ulipoanza kuwa mtamu.

牛, ng'ombe, ikisimama peke yake ni pie, mlalo mfupi, mlalo mrefu, wima. Mistari minne. Herufi ya boksi, 件, inaibeba hivyohivyo upande wa kulia: kushoto 亻, yaani pie na wima, halafu kulia pie, mlalo, mlalo, wima. Jumla sita. Hakuna jipya.

Sasa njoo kwenye 物, ya 货物. Hapa 牛 imehamia kushoto, na mpangilio umebadilika: pie, mlalo, wima, kisha ti. Mlalo wa pili umesogezwa ukawa wa mwisho, na haulali tena, unapanda kuelekea kulia. Kitabu kinasema tu "zingatia". Nikaiandika taratibu sana, mara kwa mpangilio wa zamani, mara kwa mpya, nikiangalia ncha ya kalamu inapoishia na inapotakiwa kuanza tena. Ukimaliza na wima, kalamu imekwama chini kabisa, na sehemu ya kulia, 勿, inaanzia juu. Safari ni ndefu, ya kurudi mlima. Ukimaliza na ti, kalamu inatoka kushoto ikipanda na inaachia ikiwa tayari imeelekea kulia, imefika nusu ya njia. Zaidi ya hayo, mlalo mrefu ungeingia uwanja wa jirani. Ti ni fupi upande wa kulia, inamwachia 勿 nafasi yake.

Nikaenda kwenye 轻, nyepesi, ya 轻放. Kushoto kuna 车, gari. Peke yake 车 ni heng, kona, heng, wima. Ndani ya 轻 ni heng, kona, wima, ti. Badiliko lilelile! Halafu nikaitazama 坦, herufi inayoanza jina la Tanzania kwa Kichina, 坦桑尼亚. Kushoto ni 土, udongo, ambayo mlalo wake wa chini tangu mwanzo ni wa mwisho. Kwa hiyo mpangilio haukubadilika, mlalo umeinuka tu ukawa ti. 王 ikikaa kushoto ni vivyo hivyo.

Kwa hiyo vipande vya aina hii vikihamia kushoto hufungwa na mstari unaopanda, na mpangilio ukihitaji kusogezwa ili hilo litokee, unasogezwa. Nimeandika sentensi hii kwa wino mwekundu ukutani. Mpangilio wa mistari watu wanauzungumzia kama adabu ya mezani, kwamba ukiukosa utaonekana hukulelewa. Ninavyoona sasa, sehemu kubwa yake ni njia ya mkono: unatoka wapi, unakwenda wapi. Si yote. 忄 bado ipo pale inanitazama.

Baada ya Idi: kibodi ya mistari

Tatizo la kujifunza bila mwalimu mezani ni nani akukague. Herufi ikishakauka kwenye karatasi haisemi iliandikwaje. Nimepata mkaguzi wa bure ndani ya simu: kibodi ya Kichina ya mistari, ambayo badala ya herufi za alfabeti ina vitufe vitano tu, 横 竖 撇 点 折, yaani heng, shu, pie, dian na zhe. Ti inahesabiwa kama heng. Nà inahesabiwa kama dian. Wima wenye ndoano ni shu. Chochote chenye kona ni zhe. Utaratibu huo wa matabaka matano ndio unaotumika hata kupanga orodha za herufi, na Wachina wanaukumbuka kwa herufi 札, ambayo mistari yake mitano ni hiyohiyo kwa kufuatana.

Vitufe nimevipa namba 1 hadi 5, na kila herufi sasa ina namba yake ya siri. 小 ni 234. 心 ni 4544. 共 ni 122134. 件 ni 323112. 国 ni 25112141. 上 ni 211, wima ukitangulia, jambo ambalo kanuni ya mlalo kabla ya wima isingekuambia. Ukibonyeza kwa mpangilio usio wa kiwango, herufi unayoitaka haiji. Kwenye daladala naweza kufanya mazoezi bila karatasi wala kalamu, na abiria wa pembeni anadhani nacheza gemu.

Herufi iliyonifundisha zaidi kwa njia hii ni 出, kutoka. Ukiitazama utasema ni milima miwili, 山 juu ya 山. Mlima mmoja ni 252, wima wa katikati ukitangulia. Kwa hiyo miwili ingekuwa mistari sita. Lakini 出 ina mitano, kwa sababu wima wa katikati ni mmoja mrefu unaopita juu hadi chini. Namba yake ni 52252: kona ya kushoto ya juu, kijiwima cha kulia, ndipo ule wima mrefu, kisha kona ya chini, na kijiwima cha mwisho.

Kuthibitisha natumia michoro ya kamusi ya Pleco, na Hanzi Writer inayoonyesha mistari ikijichora mmoja mmoja. Hii ya pili imejengwa juu ya data huria ya Make Me a Hanzi yenye herufi zaidi ya 9,000. Zote mbili ni nzuri, lakini kuangalia mstari ukijichora kunakupa furaha ya uongo. Kibodi inakulazimisha uujue mwenyewe.

Mei: foleni ya Beijing

Nimechepuka kidogo, lakini siwezi kuliacha. Katika ufunguzi wa Olimpiki ya Beijing mwaka 2008 timu hazikuingia kwa alfabeti. Ugiriki ilitangulia kama desturi, halafu nchi zikapangwa kwa idadi ya mistari ya herufi ya kwanza ya jina lake la Kichina. Ndiyo maana Guinea ilifuata moja kwa moja: 几 ina mistari miwili. Zambia, 赞比亚, 赞 ikiwa na mistari kumi na sita, iliingia karibu ya mwisho kabisa, kabla ya wenyeji.

Nikaipanga Afrika Mashariki kwa kalamu. Uganda ni 乌, mistari minne. Burundi ni 布 na Rwanda ni 卢, zote mitano. Kongo ni 刚, sita. Oman, maana nako tuna ndugu, ni 阿, saba. Tanzania 坦 na Kenya 肯, zote nane. Sasa nani atangulie? Idadi ikilingana unaangalia aina ya mstari wa kwanza, na heng iko mbele ya shu. 坦 inaanza na mlalo. 肯 inaanza na wima. Tanzania mbele. Rafiki yangu wa Nairobi nilipomtumia hesabu hii alijibu kwa emoji ambazo sitaziweka hapa. Kwa kanuni hiyohiyo Burundi inaitangulia Rwanda.

Juni: mkono wa kushoto

Mpwa wangu amejiunga na mradi kwa kukaa mezani bila kualikwa. Anaandika kwa mkono wa kushoto, na kila heng inamtesa: mkono wa kulia unaivuta kalamu, wa kushoto unaisukuma, na kiganja kinaziba ulichokwisha kuandika.

"Mjomba, kwani nikianzia kulia nikaja kushoto, si mstari ni uleule?"

Kwenye karatasi, ukiandika polepole, karibu ni uleule. Ila ukiongeza kasi kalamu inaanza kuacha mikia, na mkia wa heng unatakiwa uonekane kulia, pale mstari unaofuata unapochukuliwa. Aliyezoea kusoma anaufuata mkia huo bila kufikiri. Nimemwonyesha kwa kuandika 三 haraka kwa njia zote mbili. Ya kwake ilisomeka kama kitu kingine kabisa. Amekubali, kwa shingo upande. Tumeigeuza karatasi yake mshazari ili mkono ukae chini ya mstari badala ya kuuburuta juu yake, na inasaidia.

Julai: maka peni

Kipimo kilikuja chenyewe. Mama mmoja mwenye duka la vyombo Kariakoo alikuja kuchukua mzigo wake, na ubavuni mwa boksi la juu palikuwa na mistari miwili ya maandishi ya maka peni nyeusi.

"Mwanangu, hapo pameandikwa nini? Nisije nikabeba mzigo wa watu."

"Shikamoo mama. Nipe dakika."

Alama ya kwanza ilikuwa rahisi: wima mbili, mlalo mmoja uliozikata juu na mwingine chini, halafu vijistari viwili vya miguuni vimeunganishwa na uzi mwembamba. 共. Ikafuata 24 kwa tarakimu za kawaida. Ya tatu ndiyo iliyoishinda simu. Kushoto mkwaju na wima, sawa, mtu 亻. Kulia palikuwa na mkwaju mwingine mfupi, halafu kitu kama Z, na kutoka mwisho wa Z wino ulipanda kwa kitanzi, ukashuka wima mpaka chini.

Ukiitazama kama picha, si 牛. Ukiufuata wino, ni 牛 tupu. Mkwaju mfupi ni pie. Juu ya Z ni mlalo wa kwanza. Mshazari wa Z ni kalamu iliyorudi kushoto bila kuinuliwa vizuri. Chini ya Z ni mlalo wa pili. Kitanzi ni safari ya kwenda juu kuanza wima. Pie, mlalo, mlalo, wima, 323112, 件. Jumla vifurushi 24.

Na kama ingekuwa ile 牛 ya kushoto, ya 物, Z isingekuwepo, kwa sababu pale milalo miwili haifuatani. Wima unaingia katikati yake. Yaani umbo la fundo linategemea mpangilio. Yule bwana wa Guangzhou alisema kweli.

Mstari wa pili wa maandishi ulikuwa 轻放, na hapo niliona kwa macho kile nilichokuwa nimekidhania wakati wa Ramadhani. Ti ya 车 haikuachwa kabisa. Ilipanda kulia, wino ukakonda lakini haukukatika, ukaingia moja kwa moja kwenye mwanzo wa sehemu ya kulia. Nilikaa nikiutazama uzi huo hadi mama akauliza kama kuna tatizo.

Chini yake palikuwa na mchoro mwingine, pengine alama ya duka au saini. Huo sikuupata, na sikuhangaika nao. Saini ya mtu si lazima isomeke hata kwa Kiswahili.

Tangu siku hiyo nimebadilisha mazoezi. Kila herufi naiandika kwanza polepole ndani ya mraba, halafu haraka nje ya mraba kwa maka peni kwenye kipande cha boksi, nikiiacha mistari iungane inapotaka. Maka peni ina ukatili mzuri: nje ya mraba kila uzembe unaonekana kwa ukubwa wa kiganja. 碎, mistari kumi na mitatu, inaporomoka kila ninapoongeza kasi, hasa upande wa 卒, wenye vijitu viwili 人 vilivyobanana katikati. 怕 imekaa vizuri, na kwa kasi nimegundua jambo kuhusu 忄: nukta mbili huelekea kuungana kwa uzi mmoja unaokatiza, kisha wima unashuka juu yake. Haiwi nzuri sana machoni, ila inatambulika mara moja.

Agosti: orodha inayofuata

Orodha ya maboksi imekamilika, nikiiandika bila kuchungulia na kwa mpangilio. Kuelekea 300 bado kuna safari, lakini kabla ya kuendelea na kitabu nageukia karatasi nyingine inayokuja na mizigo: risiti za mkono.

Wachina hawaandiki kiasi cha fedha kwa 一, 二, 三 kwenye risiti, kwa sababu iliyo wazi kwa yeyote aliyejifunza heng na shu. 一 ukiiongezea mlalo inakuwa 二, ukiiongezea wima inakuwa 十. Kalamu moja na sekunde mbili, deni limepanda mara kumi. Kwa hiyo kuna tarakimu nzito: 壹, 贰, 叁, 肆, 伍, 陆, 柒, 捌, 玖, 拾. Moja yenyewe, 壹, ina mistari kumi na miwili.

Kwa mpangilio si ngumu kama inavyotisha. 壹 ni 士 juu, mlalo, wima, mlalo; kisha kifuniko 冖, nukta na mlalo wenye ndoano; kisha 豆 chini. Vipande vyote nimeshapita navyo. 拾 ina mkono 扌 kushoto, na unafungwa na nini? Ti. 捌 nayo ina mkono huohuo. Nitaanza na hizo mbili, halafu 壹, na 肆 yenye mistari kumi na mitatu itasubiri hadi 碎 ikae sawa kwa maka peni. Mpwa ameshajichukulia 伍 bila kuniuliza, kwa madai kwamba ndiyo yenye milalo michache ya kusukuma. Nimeihesabu: milalo mitatu, na mmoja wao una kona. Sijamwambia.